Swali Kabla ya Dua

Filimbi nimemwachia Kaltuma. Chaki na ubao ni mali ya chama cha wenye magari, kwa hiyo havikuwa vyangu kumwachia mtu. Kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya nimekwenda nacho nyumbani, na naliandika hilo wazi ili kesho mtu asiseme kilipotea.

Kaltuma, ambaye sasa ni karani wa stendi, na makanga ndio walioniomba niandike. Walisema, Mama Guyo, umekaa hapa tangu stendi ya Isiolo ikiwa vumbi tupu, tuachie maneno mawili. Niliwajibu kwamba nilisoma hadi darasa la saba, na tangu hapo nimeandika majina ya magari tu. Wakasema hayo yanatosha. Nikaahirisha. Kisha Mzee Farah akafariki, na nyumba yangu ikawa na kimya ambacho sikukitegemea, maana hakuwa mume wangu wala ndugu yangu. Alikuwa mwenyekiti wa stendi. Kumbe mtu aliyekufundisha kazi naye huliliwa kama wa nyumbani. Basi naandika.

Siku ya kwanza nilikuja kutafuta kazi ya kufagia. Mzee Farah alikuwa amekaa juu ya gurudumu kuukuu mbele ya kibanda cha chama, fimbo mkononi, miwani myeusi machoni. Babu yake aliletwa huku akiwa askari wa Mwingereza, akaachwa hapa na ngamia wachache na kofia. Baba yake akauza ngamia akanunua lori. Yeye mwenyewe alianza akiwa utingo, akawa dereva, na magoti yalipomkataa akawa mwenyekiti. Karani wa wakati ule alikuwa ametoka kupigwa na dereva kwa sababu ya zamu, na karani aliyemtangulia alipigwa pia. Mzee akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema najua. Akauliza kama naogopa kelele. Nikamwambia nina wanaume watano nyumbani, mume na wana wanne.

"Basi fagio weka chini, walal," alisema. Neno hilo kwa Kisomali ni ndugu, na aliniita hivyo hadi mwisho. "Madereva hawa watampiga karani mwanamume. Mama ya mtu watamnung'unikia tu."

Nilipopuliza filimbi mara ya kwanza, dereva mmoja wa magari ya Meru alitoa kichwa dirishani akauliza kama mama anaita gari ama anaita kuku. Stendi nzima ilicheka. Nilitaka kumjibu, na jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Mzee Farah akasema bila kuinuka, "Usijibu. Puliza tena." Nikapuliza tena, gari likasogea. Nimelitumia somo hilo miaka yote. Ukiwajibu madereva wote wa Isiolo utazeeka kabla ya saa sita mchana, na magari yatakuwa hayajatoka.

Kazi ya karani wa stendi wengi hawaijui. Wanadhani ni kupiga kelele. Kelele ni ya makanga. Karani anashika zamu. Gari linaloingia kwanza linaandikwa kwanza ubaoni, linapakia kwanza, na jina lake halifutwi mpaka liwe limeondoka. Hapo ndipo heshima yote ya stendi ilipo. Ukifuta jina la gari kabla halijatoka, hata kama dereva ni shemeji yako, hata kama anakuahidi nyama ya Idi, siku hiyo hiyo huna kazi tena, ijapokuwa bado una filimbi. Kaltuma, hili unalijua, lakini nakuandikia kwa sababu shemeji zako ni wengi kuliko wangu.

Stendi yetu ilikuwa na pande mbili. Upande wa lami ulikuwa wa magari ya Meru, Nanyuki na Nairobi, na huko shida ilikuwa magari kuzidi abiria. Upande wa vumbi ulikuwa wa Oldonyiro, Gotu na vijiji vya huko, na huko shida ilikuwa kinyume. Wenye magari hawakupenda barabara zile, maana zinakula springi. Abiria wa Gotu alikuwa akifika alfajiri na kuketi juu ya gunia lake mpaka adhana ya adhuhuri, akingoja gari lijae, na lisipojaa anapanda juu ya lori pamoja na mbuzi. Nilikuwa nikiandika GOTU ubaoni na kuacha nafasi mbele yake wazi. Mgeni mmoja aliniuliza kama Gotu ni jina la gari au la mji. Nikamwambia siku nyingi ni jina la subira.

Katika abiria wa upande wa vumbi kulikuwa na Akiru, mama wa Kiturkana kutoka Gotu, mwembamba, mwenye shanga shingoni na maneno machache sana. Mtoto wake Nasike alizaliwa na mguu mmoja umegeukia ndani, wayo ukitazama wayo mwenzake. Sista wa hospitali alimweleza kwamba mguu ule utanyooka. Kila wiki watautia plasta mpya na kuusogeza kidogo, na wiki ijayo kidogo tena. Lakini ni lazima kila wiki. Ukiruka wiki, mguu unarudi ulikotoka. Ukiruka nyingi, mtoto akishakua, mifupa inakuwa migumu na hautanyooka tena kwa plasta.

Akiru alikuwa akija kila Jumanne akiweza. Wiki gari lisipopatikana alimbeba mtoto kwa miguu hadi kwenye lami ya Ngaremara, akangoja lori lenye huruma. Wiki nyingine hakufika. Niliuona ule mguu ukinyooka na kurudi, ukinyooka na kurudi. Sikuwa na la kumsaidia ila kumpisha kwenye kiti changu, wakati huo kikiwa na miguu yote minne.

Ndipo viongozi wetu wakatangaza basi la watu wa mbali. Litaenda Gotu na kurudi kila Jumanne, na Oldonyiro kila Jumatano, siku ya mnada, kwa nauli ndogo. Lililetwa stendi likiwa limefungwa utepe, jipya, viti bado vina nailoni. Mheshimiwa wa wakati ule alikata utepe. Jina lake silitaji. Amekwishaondoka madarakani, na watoto wake hununua tiketi kwenu. Mzee Farah alifunga sherehe kwa dua. Akiru alikuwepo, akaligusa basi kwa kiganja kama mtu anayemgusa ng'ombe anayetaka kumnunua.

Basi lilikwenda Gotu kwa muda mfupi, kisha likakoma. Mara ya kwanza tuliambiwa ni bima. Mara ya pili, gurudumu. Baadaye hatukuambiwa kitu. Lakini basi halikuwa limekufa. Nililiona kwa macho yangu likipita barabara kuu limejaa watu wa kumpigia makofi kiongozi mahali fulani, wakiimba vizuri. Siwalaumu. Walikuwa na usafiri.

Kila mwaka, kabla ya bajeti, wananchi huitwa ukumbini kusikiliza mipango. Mzee Farah na mimi tulikuwa tukienda kwa niaba ya stendi. Afisa anasoma. Ikifika usafiri, anasoma pesa za mafuta ya basi la watu wa mbali, pesa za dereva, pesa za magurudumu. Mwaka wa kwanza wa kimya cha basi vilisomwa. Mwaka wa pili vilisomwa tena. Nilikuwa nikigeuka kumtazama Mzee, naye anatazama mbele.

Kwa wasio wa hapa, lazima nieleze jinsi mkutano wa Isiolo unavyokwisha. Mji wetu una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu, msikiti na kanisa. Ili mtu asinung'unike, mchungaji akifungua, mzee wa Kiislamu anafunga, na siku nyingine wanabadilishana. Na dua ikishaombwa, imekwisha. Watu wameinua mikono pamoja, wamesema amin, wamepangusa nyuso. Kuleta ugomvi baada ya hapo ni kama kutema mate kwenye sahani mliyokwisha kula pamoja. Hata mlevi wa sokoni hafanyi hivyo. Ni desturi nzuri, na imetuzuilia damu nyingi katika mji huu.

Mheshimiwa aliijua desturi hiyo kuliko sheikh. Afisa akimaliza tu kusoma, kabla mkono wa mtu haujainuka, yeye anashika maikrofoni na kusema chakula kimeiva nje, Mzee wetu Farah atufungie. Mzee, kwa heshima, anasimama. Mikono ya ukumbi mzima inainuka. Amin. Mwaka mmoja nilimfuata afisa mlangoni nikamuuliza habari za basi. Akaniambia kwa upole, na nadhani kwa aibu pia, "Mama, mkutano umefungwa." Na kweli ulikuwa umefungwa. Mimi mwenyewe nilisema amin.

Jioni ya siku hiyo nilimwambia Mzee Farah jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa ameketi kwenye gurudumu lake akitazama magari ya mwisho. Nilisema, "Mzee, hawa watu wamekufanya kufuli."

Akageuka. "Wamenifanya nini?"

"Kufuli. Wakimaliza kusoma wanakufunga mlangoni. Na wewe ni kufuli nzuri, hakuna anayeweza kukuvunja."

"Unataka nikatae kumwomba Mungu, walal? Mbele ya watu?"

Nikasema sitaki hivyo, na sikujua nilichotaka. Alisimama akaenda zake bila kuniaga. Kesho yake hakuniambia neno, wala siku iliyofuata. Nilishika zamu nikijua kwamba pengine nimempoteza mtu aliyeniambia niweke fagio chini. Wiki hiyo hiyo Akiru hakufika na mtoto, na GOTU ilikaa ubaoni bila gari mpaka jioni.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Farah alikuja na vikombe viwili vya chai. Akaweka kimoja karibu na kiti changu. Akasema alikuwa ameyapima maneno yangu. "Dua ni ya kufunga kitu," alisema. "Mimi nimekuwa nikifunga debe tupu." Akanywa chai yake. Halafu akaniuliza, nikipewa nafasi ya swali moja tu, nitauliza nini. Nikaanza kumweleza habari za bajeti, mafuta, magurudumu, wapiga makofi. Akainua fimbo. "Hayo ni maswali kumi. Watajibu lile rahisi na kuketi. Leta moja. Liwe kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho."

Tulilitafuta swali hilo kwa muda mrefu, yeye na mimi, katikati ya kazi, kama mtu anayechambua mchele. Kila nililoleta alilirudisha. Hili lina hasira, Mheshimiwa ataijibu hasira na kuliacha swali. Hili lina jina la mtu, nalo litamzalia ndugu wa kumtetea. Hili ni la kiofisi, wataliweka ofisini. Mwishowe likabaki dogo kabisa.

Mkutano uliofuata ulifika. Afisa wa usafiri alikuwa mpya, kijana mwenye miwani aliyetoka chuo karibuni, na watu walishaanza kumwita Injinia ijapokuwa alisema mara nyingi kwamba hakusomea hivyo. Akasoma. Mafuta ya basi la watu wa mbali. Dereva. Magurudumu. Akiru alikuwa ameketi nyuma upande wetu wa wanawake, Nasike mapajani, plasta nyeupe ikitokeza chini ya shuka. Mheshimiwa akachukua maikrofoni, akasema watu wana njaa, Mzee wetu Farah atufungie.

Mzee Farah alisimama polepole, kwa sababu ya magoti. Mikono ya watu ikaanza kuinuka. Ya kwake ilibaki juu ya fimbo.

"Nitaomba," alisema. "Lakini Mungu hapelekewi jambo ambalo watu wake hawajalimaliza. Karani wa stendi ana swali moja. Akijibiwa, mikono yangu itapanda."

Mikono iliyokuwa imeinuka ikabaki hewani, haijui iende wapi. Kisha, mmoja mmoja, ikashuka magotini. Mheshimiwa alitabasamu. Angefanya nini? Kumnyima mzee dua angeweza, lakini kumlazimisha mzee aombe, hakuna aliyewahi kufanya hivyo Isiolo.

Nilisimama. Nilitamani ningekuwa na filimbi. Nikauliza, "Basi la Gotu liko wapi?"

Mheshimiwa akasema, "Mama, basi liko. Hakuna basi limepotea. Ni mambo ya utaratibu tu."

"Sawa, mheshimiwa. Na huo utaratibu umeegeshwa wapi, nikaupigie filimbi utoke?"

Watu walicheka, na yeye akacheka pia, nami namshukuru kwa kicheko hicho, kwa sababu mtu aliyecheka ni vigumu kukasirika papo hapo. Akamgeukia kijana wa miwani amjibu mama. Kijana yule aliangalia karatasi zake, akamwangalia mkubwa wake, akaangalia nyuma ukumbini kule kwenye plasta nyeupe. Ningekuwa mimi, na kazi ikiwa bado mpya, sijui ningefanya nini. Alisema basi ni zima. Alisema liko kwenye yadi. Alisema mafuta yake yamekuwa yakitiwa kwenye magari ya safari za ofisi, na dereva wake anaendesha mojawapo ya magari hayo. Aliyasema bila kupaza sauti, kama mtu anayesoma jina la dawa.

Kwa hiyo ninyi vijana msije mkaniambia kwamba wenye elimu wote ni wale wale. Tulikuwa na swali tu. Jibu lilitoka kwa yule kijana, na ni yeye aliyekuwa na kitu cha kupoteza.

Mheshimiwa akavuta maikrofoni karibu. Akasema makosa madogo hutokea, na kwamba basi litaanza Jumanne.

"Jumanne ipi?" aliuliza Mzee Farah, akiwa bado amesimama.

"Hii inayokuja, Mzee."

"Gotu?"

"Gotu. Na Jumatano Oldonyiro."

Hapo Mzee Farah akaegemeza fimbo kwenye kiti, akainua mikono, na ukumbi mzima ukainua. Aliomba mvua, kama kawaida. Aliomba amani, kama kawaida. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Na wewe Mola umemsikia mheshimiwa wetu akisema Jumanne hii basi litakwenda Gotu. Mpe nguvu alitimize neno lake. Na mafuta ya basi uyajaalie yakae ndani ya basi."

Waislamu walisema amin, Wakristo wakasema amina, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mheshimiwa, kwa sababu alisahau kwamba maikrofoni bado iko mdomoni pake. Alikuwa amezoea kusema amin ya kufunga. Hii ilimfunga yeye.

Jumanne nilifika mapema, nikaandika GOTU ubaoni mahali pa kwanza. Watu walijaa upande wa vumbi kuliko nilivyowahi kuona. Akiru alikuwa amekuja jana yake kwa lori ili mtoto awahi plasta, naye alingoja kurudi. Basi halikuja. Mpaka jioni halikuja, wala Jumatano kwa watu wa Oldonyiro.

Madereva wa lami walisema, Karani, futa sasa, umeshindwa. Sikufuta. Jina halifutwi mpaka gari liondoke, na hiyo si siasa, ni kanuni ya stendi. GOTU ikakaa ubaoni Jumatano. Ikakaa Alhamisi. Watu waliokuwa wakienda Nairobi walipita wakisoma, wakauliza, wakaelezwa na makanga, ambao walikuwa wakiongeza chumvi kila mara. Kufikia Ijumaa makanga walikuwa na Mheshimiwa anayelia ukumbini.

Kando ya stendi huketi akina mama wauza maziwa ya ngamia na vibuyu vyao. Mmoja wao, Mama Shukri, alikuwa shangazi ya Mheshimiwa, dada wa baba yake kabisa. Yeye hakuwa na habari na bajeti. Ila wateja walikuwa wakija kununua maziwa wakitazama ubao na kumtazama yeye. Ijumaa hiyo hiyo alichukua simu na kumpigia mtoto wa kaka yake palepale, na Mama Shukri husema kwenye simu kana kwamba aliye upande wa pili yuko Moyale.

"Wewe ulisema amin kwa spika," alimwambia. "Mji mzima umesikia. Sasa watu wananunua maziwa kwangu wakicheka. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Hiyo amin yako ilikuwa maziwa, ama ulitia maji?"

Sijui alijibiwa nini. Mama Shukri aliweka simu ndani ya ushungi akaendelea kupima maziwa.

Jumanne iliyofuata basi liliingia stendi likiwa limeoshwa. Dereva aliniuliza aegeshe wapi. Nikamwonyesha ubao na kumwambia zamu yake ilikuwa inamngoja tangu wiki iliyopita. Akiru alishuka kutoka kwenye lori la mbuzi na Nasike mgongoni, akaenda hospitali, akarudi na plasta mpya, akapanda basi na kuketi kiti cha mbele. Lilipotoka nje ya lango nilichukua kitambaa nikafuta GOTU. Mzee Farah alikuwa kwenye gurudumu lake. Alinisogezea chai.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo mambo yalinyooka, lakini sikufundishwa kufuta jina la gari ambalo halijaondoka. Basi lilisimama tena zaidi ya mara moja. Viongozi walibadilika, na kila mpya alitaka kujaribu kama tumesahau. Wengine walikuwa wema na walihitaji kuulizwa tu. Kijana wa miwani alihamishwa. Kabla ya kuondoka alikuja stendi akatueleza, akiwa amekaa juu ya gunia la mtu, jinsi pesa za basi zinavyotoka fungu moja kwenda lingine, na ni wakati gani wa mwaka mtu akiuliza anaweza kuzizuia. Alituambia tusingoje ukumbini kila mara, tuulize mapema, kabla hazijatoka. Tulifuata. Maswali mengine niliuliza kwenye korido za ofisi zao, nikakaa chini na kungoja. Nilijifunza kwamba afisa anayekupita mara tatu ukiwa umekaa kimya, mara ya nne atasimama. Ni kama dereva na filimbi.

Na kila mwaka ukumbini, Mzee Farah alisimama kufunga, mikono juu ya fimbo, akanitazama. Swali moja tu. Basi liko wapi? Mwaka lilipokuwa linakwenda vizuri, nilisimama vilevile nikasema liko barabarani, tunashukuru, na naomba mtuambie kama mafuta ya mwaka ujao yamo. Mzee alisisitiza hilo. Alisema mtu akiulizwa siku za ubaya tu, atakuona adui. Muulize na siku za wema, ajue unalinda kitu.

Nasike sasa yuko shule. Anavaa viatu kama vya watoto wengine, na anavimaliza upesi kama watoto wengine, jambo ambalo mama yake hulilalamikia kwangu kwa furaha ambayo haifichiki.

Mzee Farah alifariki mwaka huu, asubuhi, baada ya kunywa chai. Tulimzika alasiri ya siku hiyo, kama ilivyo desturi yetu. Stendi ilifunga. Madereva wa Meru walikuja, pamoja na yule aliyewahi kuuliza habari za kuku, ambaye sasa ni mzee mwenye wajukuu. Mimi sikulia. Nilipika, nikagawa, nikaosha sufuria. Watu wa Gotu hawakuwahi mazishi. Walikuja Jumanne, kwa sababu basi lao ni la Jumanne, msiba ulipokuwa umekwisha kupoa na turubai limekunjwa. Niliwasikia wakishuka, wakiulizana njia ya kwenda kwa mzee wa basi. Hapo nikakaa chini penye sufuria zangu. Nashukuru walichelewa. Wangekuja na wengine, nisingekuwa na mtu wa kulia naye.

Baada ya hapo nikamkabidhi Kaltuma filimbi. Miguu ilikuwa imechoka, na gurudumu lile mbele ya kibanda nilikuwa siwezi kulitazama.

Mkutano wa mwaka huu nilikwenda, ingawa si karani tena. Niliketi nyuma upande wa wanawake kama mama yeyote wa mji huu. Viongozi ni wapya. Ukumbi umepakwa rangi. Afisa akasoma: mafuta ya basi la watu wa mbali, dereva, magurudumu. Kiongozi akachukua maikrofoni, akasema chakula kiko tayari, akamwomba Mzee Halake atufungie kwa dua. Mzee Halake ni Mborana wa upande wa Kinna, mpole, hana mengi. Nilijua hakuna aliyekuwa amezungumza naye. Nilijiambia, basi, yamekwisha na mwenyewe.

Mzee Halake akasimama. Mikono yake ikabaki juu ya fimbo. Akageuka, akautazama upande wetu wa wanawake, akangoja. Nikatazama huku na huku. Hakuna mkono hata mmoja uliokuwa umeinuka. Ukumbi mzima, mikono magotini.

Nilihisi magoti yangu yakitaka kusimama kwa mazoea. Lakini kiti kilikuwa kimeshalia nyuma yangu. Alikuwa Akiru, mwenye maneno machache. Alijifunga shuka vizuri, akawasalimu wakubwa kwa Kiturkana kwanza, ejok, kisha kwa Kiswahili.

"Mimi natoka Gotu," alisema. "Jumanne iliyopita tumengoja. Basi lilikuwa wapi?"

Akabaki amesimama. Mzee Halake naye akabaki amesimama, na sisi sote tukangoja jibu.